Scribus 1.6 kwa steshenari za Tanga: maandishi yanayogoma na picha zinazopotea

Microsoft imeshatangaza kwamba Publisher haitahudumiwa tena baada ya Oktoba 2026. Kwa steshenari za Ngamiani hapa Tanga, zilizozoea kupangia humo kadi za harusi, programu za mahafali na ratiba za maulidi, swali la kuhamia wapi si la mzaha. InDesign inalipiwa kila mwezi au kila mwaka. Word huvurugika mara tu ukurasa unapojaa picha. Canva inataka bando muda wote. Hapo ndipo Scribus inapotajwa, na mara nyingi hutajwa na mtu aliyeijaribu jioni moja, akakasirika, akaifuta.

Scribus ni programu ya kupanga kurasa, ya bure na ya leseni huru. Aliyeianzisha ni Franz Schmid, na ilitoka hadharani mwaka 2003. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Tathmini hii inahusu tawi la 1.6 lililotoka Januari 2024. Ukikuta kompyuta ya dukani ina 1.4, iondoe: mengi ya hapa chini hayamo humo, na faili iliyohifadhiwa na 1.6 haifunguki kwenye 1.4. Majina ya vitufe na menyu yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

Hukumu itangulie. Kwa kadi, kijitabu, jarida la shule, kava na bango, Scribus inatosha, na PDF yake kwa mashine kubwa ni safi kuliko ya Publisher. Kwa mitihani, fomu na barua usihame, baki na Writer ya LibreOffice. Lawama nyingi inazotupiwa, kwamba haina herufi nzito, imekula picha, imepoteza maneno, si ubovu wake. Ni tabia za Word zilizobebwa mahali zisipotakiwa. Ubovu wa kweli upo nao, tutaufikia.

Maandishi

Kwenye Scribus huandiki juu ya ukurasa, unaandika ndani ya fremu, yaani kisanduku unachokichora mwenyewe. Bonyeza T, chora fremu, ndipo ulete maneno. Ukiona kimraba chekundu chenye msalaba kwenye kona ya chini kulia ya fremu, maana yake maandishi yamezidi nafasi. Hayajafutika, yako chini yamejificha. Ama panua fremu, ama punguza herufi, ama yaendeleze kwenye fremu nyingine: chagua ya kwanza, bonyeza N, kisha bofya ya pili iliyo tupu. Wengi hukata kipande kilichozidi na kukibandika kwenye ukurasa unaofuata. Usifanye hivyo. Siku ya mwisho, kamati ya mahafali ikiongeza jina moja tu la mgeni mwalikwa, utalazimika kusogeza kila ukurasa kwa mkono. Fremu zilizounganishwa husogeza zenyewe.

Tatizo linaloongoza ni mistari kupandana. Mtu anaandika kichwa cha habari, anakipandisha kutoka pointi 12 hadi 36, na mstari wa pili unalala juu ya wa kwanza. Sababu ni kwamba Scribus huanza na nafasi ya mstari isiyobadilika, yaani "Fixed Linespacing". Ikiwa imewekwa pointi 15, itabaki 15 hata herufi zikiwa kubwa kama bango la uwanja wa Mkwakwani. Fungua "Content Palette" kwa F3, tafuta orodha ya nafasi ya mstari, na kwa vichwa vya habari chagua "Automatic Linespacing". Kwa maandishi ya kawaida acha "Fixed" lakini ipigie hesabu: ukubwa wa herufi zidisha kwa 1.2. Herufi za pointi 10 zinataka nafasi ya 12, za 11 zinataka 13.2. Kwa Kiswahili, ambacho maneno yake ni marefu na mstari hujaa haraka, ni vizuri kuongeza kidogo: 10 kwa 13 husomeka bila kuumiza macho ya wazee.

Malalamiko ya pili ni kukosa kitufe cha B cha kukoza herufi. Hakipo kwa makusudi. Word ikikosa fonti nzito huinenepesha iliyopo kwa nguvu, na kwenye uchapaji mnene herufi hujaa wino, tundu za a na e zikaziba. Scribus inakataa kughushi. Inakutaka uchague uso halisi wa fonti, Regular, Bold au Italic, kwenye orodha iliyo chini ya jina la fonti. Kama Bold haimo kwenye orodha, fonti uliyoipakua haina Bold. Tafuta familia kamili, kwa mfano Gentium, Noto Serif au Source Sans, ambazo ni za bure. Ukisakinisha fonti huku Scribus iko wazi haitaiona mpaka uifunge na kuifungua tena. Kijambo hiki kidogo kimewafanya watu wasakinishe fonti moja mara tatu.

Ukifungua kazi iliyotoka kompyuta nyingine likatokea dirisha la kubadilisha fonti, soma kabla ya kubofya "OK". Scribus inakwambia fonti fulani haipo na inakuomba mbadala. Ukikubali tu, upana wa herufi unabadilika, mistari inahama, na kurasa 16 zinakuwa 17.

Sasa mitindo, ambayo ndiyo roho ya programu yenyewe. Bonyeza F4, unda mtindo wa aya kwa kila aina ya maandishi: kichwa, aya, maelezo ya picha, orodha ya majina. Kisha usiguse tena fonti kwa kuchagua maneno na mausi. Asilimia kubwa ya kesi za kubadilisha mtindo na aya isibadilike hutokana na hapo: aya hiyo iliwahi kupakwa fonti au ukubwa kwa mkono, na kilichowekwa kwa mkono hushinda mtindo. Pembeni ya orodha ya mitindo, kwenye F3, kuna kitufe kidogo cha kufuta mpangilio wa moja kwa moja, "Remove Direct Paragraph Formatting". Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, kibofye, na aya itarudi kwenye utii. Kumbuka maneno uliyoyalaza kwa mkono yataweza kunyooka pamoja na mengine, kwa hiyo yale ya mlazo yapewe mtindo wao wa herufi mapema.

Kuleta maandishi ya mteja ndipo uchafu unapoingilia. Yanakuja kwa Word, yanakuja kwa ujumbe wa simu, yanakuja yamechapwa kwa nafasi kumi kumi ili kufika katikati ya mstari. Yasafishe kwanza kwenye LibreOffice Writer. Fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, washa "Regular expressions", kisha tafuta ^$ na ubadilishe kwa tupu ili kuondoa mistari mitupu. Halafu tafuta nafasi ikifuatwa na alama ya kujumlisha, badilisha kwa nafasi moja, ili kuondoa nafasi zilizorudiwa. Hifadhi kama ODT. Kwenye Scribus chagua fremu, bofya kitufe cha kulia, nenda "Get Text". Kuna kisanduku cha "Import Text Only": kiwashe kama mpangilio wa mteja ni takataka, na kwa kawaida ni takataka. Usipokiwasha, Scribus itakuuliza ufanye nini na mitindo ya hati ile, iifute mitindo yako yenye majina yale yale, iichanganye, au iongeze jina la hati mbele ya mitindo mipya. Chagua la mwisho. Chaguo la kwanza ndilo linalogeuza kitabu kizima kuwa Calibri ya pointi 11 kwa bofyo moja.

Kiswahili kina mitego yake miwili. Wa kwanza ni king'ong'o, ile alama ya juu kwenye ng'. Simu huandika alama nyoofu, Word huandika iliyopinda, na mwandishi mwingine hutumia ile ya kufungulia nukuu inayopinda upande usiofaa. Matokeo ni ng'ombe wa aina tatu kwenye ukurasa mmoja. Amua moja, iliyopinda kama mkia wa mkato, na ubadilishe zote kwa Ctrl+F kabla ya kuanza kupanga.

Mtego wa pili ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Lugha ya mtindo ikiwa Kiingereza na ukabofya "Hyphenate Text", programu inakata kwa kanuni za Kiingereza, na unaweza kupata Tan-ga au wanaf-unzi. Silabi ya Kiswahili karibu daima huishia na vokali, kwa hiyo pa kukata ni Ta-nga, wa-na-fu-nzi, ku-ng'a-a. Mb, nd, ng, nj, ny, dh, sh na wenzao hawatenganishwi. Maneno kama lab-da ni machache. Zima ukataji wa kujiendesha. Pale penye pengo baya weka mwenyewe kistari laini, kilichomo kwenye menyu ya "Insert", upande wa "Character". Kistari hicho huonekana tu neno likivunjika. Ukiandika kistari cha kawaida, kesho mstari ukihama utakuta "wana-funzi" katikati ya sentensi.

Na kama safu ni nyembamba, tuseme milimita 45 kwa herufi za pointi 10, usinyooshe kingo zote mbili. Neno kama "walivyotukaribisha" linakula zaidi ya nusu ya mstari, na kinachobaki ni maneno mawili yaliyoachana kama wagomvi. Panga kushoto, kulia kubaki na meno. Ukilazimishwa kunyoosha, ingia "Advanced Settings" kwenye F3 na uruhusu "Glyph Extension" kati ya asilimia 98 na 102. Jicho halioni, mapengo yanapungua. Zaidi ya hapo herufi zinaanza kuonekana zimevutwa.

Kwa mji wa pwani kama huu kuna jambo moja linaloifanya 1.6 istahili nafasi yake peke yake: Kiarabu. Matoleo ya 1.4 yalimwaga Bismillahi ikiwa herufi mbalimbali, hazikushikana, tena zikiwa kinyume. Watu wakawa wanaibandika kama picha, na kingo zake zikatoka na ukungu. Katika mfululizo wa 1.5 injini ya maandishi ilisukwa upya, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikifanywa na kikundi cha Oman, na 1.6 imeirithi. Weka aya za Kiarabu kwenye fremu yake, kwenye F3 chagua mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, tumia fonti ya Amiri au Scheherazade New, na nafasi ya mstari iwe karibu mara mbili ya ukubwa wa herufi ili irabu za juu na chini zisigongane. Usinakili aya kutoka kwenye PDF, mpangilio wa herufi huharibika njiani. Na kabla ya kuchapa kadi mia tatu, mpe ustadhi asome.

Picha

Malalamiko ya kwanza: umeleta picha ya wahitimu, fremu inaonyesha bluu tupu. Bluu hiyo ni anga la picha yenyewe. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000, ikiwa imeandikwa ndani yake kwamba ni 72 kwa inchi, kwa asilimia 100 ina upana wa sentimita 141. Fremu yako ya sentimita 12 inaonyesha kona ya juu kushoto tu. Bofya kitufe cha kulia, chagua "Adjust Image to Frame". Ukitaka kuisogeza ndani ya fremu, bofya mara mbili juu yake na uivute. Usivute kingo za fremu ukitegemea picha itafuata, na usiweke asilimia tofauti kwa upana na urefu, maana bibi harusi atanenepa bila kula.

Malalamiko ya pili ni kinyume chake: kwenye skrini picha ina ukungu, mtu anaogopa, anaitafuta nyingine. Scribus huonyesha picha kwa rezolusheni ndogo, yaani pikseli chache kwa kila inchi, ili kompyuta isilemewe. Kitufe cha kulia, "Preview Settings", chagua "Full Resolution", uone ukweli. Kisha rudisha kama ilivyokuwa.

Hatari kubwa inatoka WhatsApp. Mteja anatuma picha kwa njia ya kawaida, nayo inapunguzwa. Upande mrefu mara nyingi hubaki na pikseli 1600 hivi. Chukua mfano wa kava ya A5, milimita 148 kwa 210, na ziada ya kukatia ya milimita 3 kila upande, hivyo jumla ni 154 kwa 216. Picha ni ya kulala, 1600 kwa 1200, na kava ni ya kusimama. Ili ijaze, pikseli 1200 za kimo ndizo zinazobeba milimita 216, ambazo ni inchi 8.5. Gawanya: 1200 kwa 8.5 ni 141 kwa inchi. Kipimo cha uchapaji mzuri ni 300, na 200 huvumilika. Kwa 141 nyuso za safu ya nyuma zinageuka madoa. Picha ile ile ikitumwa kama faili, kwa alama ya pini na "Document", inakuja na 3000 zake: 3000 kwa 8.5 ni 353. Tofauti ni namna ya kutuma tu, na karatasi ya ukutani pale kaunta inayosema "picha zitumwe kama document" ingeokoa pesa nyingi.

Hesabu hiyo huhitaji kuifanya kwa kalamu kila mara. Chagua fremu, angalia F3: kuna mstari unaoonyesha rezolusheni halisi baada ya kukuza au kupunguza, "Actual X-DPI" na "Actual Y-DPI". Huo ndio ukweli. Rezolusheni inayosomeka kwenye sifa za faili haisaidii. Kufungua picha ya 72 kwenye programu ya kuhariri picha kama GIMP na kuandika 300 huku ukiongeza pikseli ni kujidanganya; faili inanenepa, sura haiongezeki.

"Preflight Verifier", iliyomo kwenye menyu ya "Windows", huonya picha ikiwa chini ya 144. Kizingiti hicho ni cha chini mno kwa kava. Nenda "Document Setup", sehemu ya "Preflight Verifier", kipandishe kiwe 200. Verifier hiyo itakuonyesha pia fremu zilizofurika maandishi, fremu za picha zilizo tupu, na vitu vilivyoachwa nje ya ukurasa. Onyo la kitu nje ya ukurasa mara nyingi ni kijifremu ulichokisahau pembeni, kifute tu. Onyo la picha kukosekana usilipite kamwe, hata kama unamwona mteja amesimama mlangoni na bodaboda inamsubiri.

Hilo la kukosekana linahitaji maelezo. Scribus haimezi picha kama Word. Huhifadhi njia ya kuifikia tu. Ukiweka picha moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya mteja, mteja akaondoka na flashi yake, kesho utakuta msalaba mwekundu kwenye fremu. Ukibadilisha jina la folda, hivyo hivyo. Flashi ileile ikiingia leo kama E na kesho kama F, hivyo hivyo. Kwa kila kazi fungua folda moja, ndani yake folda ndogo ya picha, nakili kila kitu humo kwanza, hifadhi faili ya .sla hapo juu, ndipo uanze kupanga. Ikiwa picha zimeshapotea, menyu ya "Extras", "Manage Images", inaorodhesha zote pamoja na hali zake na inakuruhusu kuitafuta kila iliyopotea. Kazi ikihamia kompyuta nyingine tumia "Collect for Output" kwenye menyu ya "File", ukiwasha kisanduku cha fonti; itakusanya .sla, picha na fonti kwenye folda moja.

Nembo za taasisi zikija kama EPS au PDF na fremu ikabaki tupu, kinachokosekana ni Ghostscript. Ni programu nyingine ya bure, na kwenye Windows inasakinishwa kando. Isakinishe, kisha kwenye mapendeleo, sehemu ya "External Tools", hakikisha Scribus imeiona.

Maandishi kutozunguka picha kuna sababu moja kati ya mbili. Hujawasha, au picha iko chini ya fremu ya maandishi. Bonyeza F2, kwenye "Shape" chagua "Use Frame Shape", kisha ipandishe picha juu. Maandishi yakigusa picha, chagua "Use Contour Line", ingia kuhariri umbo, washa "Edit Contour Line" na uipanue milimita 3. Ni njia ndefu isiyo na sababu, programu nyingine zina kisanduku kimoja cha kuandika namba. Tena kuna kioja: kisanduku chochote cha rangi kilichowashwa mzunguko na kikakaa juu ya fremu ya maandishi kinafukuza maneno yote, na fremu inaonekana imefutika. Maneno yakitoweka ghafla, angalia kilicho juu yake kabla ya kulia.

Kutoa PDF

Hapa Scribus inawaacha wengi nyuma, mradi usikubali kila kitu kama kilivyo. Kwenye dirisha la PDF, sehemu ya "Color", matumizi huanza yakiwa "Screen/Web". Ukiyaacha hivyo, kazi inatoka kwa rangi za skrini na mashine ya ofseti, ile kubwa ya kiwandani, italazimika kubahatisha. Weka "Printer". Kwenye "Pre-Press" washa "Crop Marks" na "Use Document Bleeds", lakini hazitasaidia kama mandharinyuma yako yameishia kwenye mstari wa ukurasa. Yavute hadi mstari wa ziada. Mashine ya kukatia ikiteleza nusu milimita, ukosefu wa ziada hiyo ndio unaoleta utepe mweupe kwenye ukingo wa kava. Kwenye "General" weka ukomo wa rezolusheni ya picha 300, vinginevyo PDF ya kurasa 16 itakuwa nzito kupita kiasi kuituma Dar.

Maandishi meusi yawe "Black" ya Scribus, yaani wino mweusi mtupu asilimia 100. Weusi uliotoka Word unaweza kugeuka mchanganyiko wa wino nne, na karatasi ikihama kidogo herufi ndogo hupata kivuli cha rangi. "Registration" iache ilipo, ni ya alama za wachapaji.

Kupanga kurasa kwa ajili ya kukunja na kupiga pini katikati Scribus haifanyi. Toa PDF ya kurasa zikifuatana, idadi igawanyike kwa 4, kisha uchapishe kwa chaguo la "Booklet" la Adobe Reader. Kama inaenda ofseti, usipange chochote, mchapaji atapanga mwenyewe.

Inapochosha

Majedwali yapo, lakini ni ya kulazimisha: kuyapanga ni polepole. Ratiba ya siku mbili itawezekana. Matokeo ya darasa zima yatengeneze kwenye Calc ya LibreOffice, yatoe kama PDF, uyaweke kama picha. Mlolongo mrefu wa fremu zilizounganishwa unaichosha programu. Ukiandika herufi kwenye ukurasa wa 3 wa kitabu cha kurasa 150, unasubiri. Gawa kitabu kwa sura, kila sura na mlolongo wake. Kurudisha nyuma kwa Ctrl+Z kumeboreka kuliko 1.4, bado si kwa kuaminika kwenye maandishi, kwa hiyo hifadhi nakala yenye jina jipya kabla ya badiliko kubwa. Marekebisho ya maneno mengi yafanye kwenye "Story Editor" kwa Ctrl+T, ni jepesi kuliko kwenye fremu.

Umeme ukikatika, kuhifadhi kwa kujiendesha ndiko kutakakokuokoa. Kwenye "Document Setup" punguza muda uwe dakika 5, na usikutegemee kwa hati mpya isiyopewa jina. Ihifadhi mara moja kabla hata ya fremu ya kwanza. Ikitokea .sla imekatika katikati ya kuhifadhiwa na haifunguki, usiitupe. Ndani yake ni XML, maandishi ya kawaida. Fanya nakala, ifungue kwa Notepad, tafuta ITEXT: kila kipande cha maneno kimo kwenye alama za nukuu baada ya CH. Mpangilio hautarudi, lakini majina mia mbili ya wahitimu hutayachapa upya.